Gitaa la Mume Wangu Lilivyozidi Ukali

Mtu akikuambia gitaa la umeme ni spika tu, mwambie hajui. Spika inatoa ulichoipa. Sauti ya gitaa inaanzia pale pikapu ilipokaa, na pikapu ikihama hata upana wa vidole viwili, gitaa linakuwa gitaa lingine. Ninayesema haya ni mwanamke wa jembe, mwimbaji wa sauti ya kwanza, na gitaa sijawahi kulishika ila kulifuta vumbi. Lakini nimeolewa na mpiga gitaa, na siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mwenyewe ameniruhusu niandike. Alisema nisitaje majina, halafu akacheka, akaniuliza huku kwetu nani atasoma.

Pikapu ninayosema si ile ya kubebea alizeti kupeleka kukamua. Ni kisanduku chembamba chenye sumaku, kimezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, kinakaa chini ya nyuzi. Uzi ukitikisika juu yake, kinauchukua mtikisiko na kuupeleka kwenye amplifaya. Gitaa la kwaya yetu lilikuwa na pikapu mbili, moja karibu na shingo, nyingine karibu na daraja, yaani kile chuma cha chini ambako nyuzi zimekazwa. Swichi ndogo ndiyo inachagua ipi isikike.

Tofauti yake alinifundisha kwa kamba ya mbuzi, tukiwa bado wachumba. Alifunga ncha moja kwenye mti wa zizi, ncha nyingine akashika, akaitikisa. "Tazama huku mbali na mti," akasema, "kamba inavyojaa. Sasa tazama pale ilipofungwa. Inatetemeka kidogo tu, ila haraka." Pikapu ya shingoni inasikiliza pale uzi ulipojaa, kwa hiyo sauti inatoka nene, imetulia kama uji wa uwele. Ya darajani inasikiliza pale penye haraka, sauti inatoka nyembamba, kali, ina ncha. Mimi nilikuwa natazama mikono yake zaidi kuliko kamba, lakini somo liliingia.

Kijiji chetu kiko upande wa Kinyangiri. Kwaya ina magitaa matatu kama kwaya yoyote inayojiheshimu, solo, ridhimu na besi, na mume wangu alikuwa solo tangu hajanioa. Sikuolewa na sura, maana sura hana na anajua. Niliolewa na ile pikapu ya shingoni. Wapo wapiga solo wanaokimbizana na waimbaji kama wanagombea mlango. Yeye alikuwa anatupisha. Tukimaliza mstari ndipo anajibu, taratibu, kwa ile sauti nene, na mtu akisikia anajua hiyo ni kwaya yetu hata akiwa shambani.

Na shambani walisikia kweli. Huku kwetu kwaya isiyosikika kijiji cha pili inaulizwa kama imefunga kula. Kwa hiyo juu ya spika palifungwa honi, ile yenye mdomo kama tarumbeta, ikaelekezwa sokoni. Soketi ilikuwa moja, pale pale kando ya spika, na waya wa gitaa ulikuwa mfupi. Basi mume wangu alisimama hapo, honi usawa wa kichwa chake, Jumapili kwa Jumapili, mazoezi, harusi, mikutano ya injili, miaka yote. Hakuna aliyeona tatizo. Tulimwonea wivu kwamba yeye ndiye anayesikia vizuri kuliko wote.

Sikumbuki ni mwaka gani aliacha pikapu ya shingoni. Nakumbuka tu kwamba siku moja swichi ilikuwa darajani, na haikurudi. Nilipomuuliza akasema ya shingoni imekuwa nzito, kama mtu ameifunika blanketi. Nikasikiliza. Ilikuwa ile ile. Nikanyamaza, maana fundi ni yeye.

Baada ya hapo akaanza na bisibisi. Kila pikapu ina skrubu mbili za kuipandisha na kuishusha, na ikikaribia nyuzi sauti inaongezeka na kuchangamka. Akapandisha. Baadaye akafungua kifuniko cha nyuma, akakata kidude kidogo kilichofungwa kwenye kitufe cha kupunguza ukali. Kidude hicho kazi yake ni kumeza ile sauti kali na kuacha nene. Alikikata kwa koleo, akakitupa kwenye mavumbi, kuku akaja akakidonoa akakiacha.

Kila alipogusa kitu aliniita.

"Mama watoto, njoo usikie."

Natoka jikoni na mwiko. Anapiga. "Sasa?"

"Inatosha. Inakata hata."

"Haitoshi."

"Kama unajua haitoshi, mimi umeniitia nini? Ugali unaungua!"

Nilidhani ni uzee wa fundi, kwamba mtu akikaa na chombo kimoja muda mrefu anakichoka, anaanza kukichokonoa.

Wakati huo huo shikamoo zikaanza kupotea. Kwetu shikamoo si mchezo. Mtoto asipoamkia anachapwa. Mkubwa asipoitikia hakuna wa kumchapa, lakini linakaa mioyoni mwa watu. Watoto wa jirani walimwamkia akipita na baiskeli, akapita. Binti wa mwalimu wa kwaya alimwamkia mlangoni pa kanisa, akapiga goti kabisa, yeye akaangalia juu ya kichwa chake akaenda kufungua begi la gitaa. Wake za watu walimsalimu njiani, hakuitikia. Lakini wanaume wenzake wakimsalimu kwa yale masauti yao mazito aliitikia vizuri, anasimama, anauliza ng'ombe, anauliza mvua. Ndipo watu wakapata la kusema. Mnaona? Anachagua. Wanawake na watoto kwake si watu.

Mimi nina mdomo, sijifichi. Nilimtolea mwenzangu mmoja maneno pale bombani mpaka watu wakasahau ndoo zao zinafurika. Nilimwambia mume wangu hajawahi kumdharau mtoto wa mtu, na kama wao wanapika majungu wakapike kwao. Kisha nikarudi nyumbani nikamgeukia yeye.

"Kwa nini huitikii watoto wa watu?"

"Watoto gani?"

"Wanaokuamkia kila siku!"

"Hawajaniamkia," akasema, na alisema kama mtu mwenye hakika. Nikamwona mwongo, na mume wangu uongo hauwezi, akijaribu masikio yanamcheza. Jambo hilo lilinichanganya.

Vifaranga ndio walionifumbua macho. Nilitoka kupalilia, jua limenichoma utosi, na nilipofika kwenye uzio wa minyaa nikawasikia wanalia kile kilio chao cha kufa, chembamba, kikali, kinachomfanya mtu aache alichoshika. Nikakimbia. Mume wangu alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, gitaa limelala mapajani, chuma cha kuchomelea mkononi, moshi wa risasi inayoyeyuka unampanda usoni. Karibu kabisa na mguu wake palikuwa na beseni la maji ya kufulia, na vifaranga walikuwa humo. Wengine walikuwa wanaelea, wamekwisha. Mmoja alikuwa bado anaparamia ukingo, mdomo wazi, na mama yao anazunguka beseni amevimba manyoya.

Nilimtoa yule mmoja nikamshika kiganjani. Alikuwa anapiga kelele kuliko ukubwa wake. Nikasimama nyuma ya mume wangu, nikamsogeza kifaranga mpaka karibu na sikio. Hakugeuka. Aliendelea kuchomelea. Kivuli changu kilipoanguka juu ya gitaa ndipo akashtuka.

"Wee, umenitisha!" akasema akicheka. Halafu akaona beseni. "Ah! Nilimsikia mama yao, nikadhani anadai pumba."

"Na watoto?"

"Watoto walikuwa kimya."

Nikamwekea kifaranga mbele ya macho. "Na huyu, anafanya nini?"

Alimtazama. Alitazama ule mdomo mdogo unavyofunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga. Aliutazama muda mrefu.  Nilikaa chini mavumbini na yule kifaranga nikalia, na yeye akazima chuma chake.

Kumpeleka hospitali ilikuwa vita. Nilimwambia mficha uchi hazai, akasema yeye amekwisha kuzaa. Mwishowe, tulipomaliza kuvuna, alikubali. Tulikwenda mjini Singida, tukafikia Unyambwa kwa dada yake, wifi yangu, kesho yake tukaenda. Walimvalisha vifuniko vya masikioni, wakamwambia ainue kidole kila akisikia mlio. Nilikaa karibu. Mlio mnene ukija, kidole juu. Wa kati, kidole juu, kwa kuchelewa. Halafu milio ikawa miembamba, na kadiri inavyopungua unene daktari alikuwa anaongeza nguvu, mpaka mingine ikawa inavuja nje ya vile vifuniko. Nikaisikia mimi niliyekaa pembeni. Kidole cha mume wangu kilikuwa kimelala juu ya goti, na yeye anasubiri kwa heshima, kama mwanafunzi anayesubiri mtihani uanze.

Daktari alimuuliza kazi yake. Akasema mkulima. Nikadakia, nikasema anapiga gitaa. "Unasimama wapi ukipiga?" Akamweleza honi. Daktari akatikisa kichwa. Alitueleza polepole, akimwangalia usoni, kwamba kelele huua kwanza usikivu wa sauti nyembamba, ndiyo maana wanaume anawasikia, wanawake na watoto hawasikii, na kilichokufa hakirudi. Kipo kifaa cha kuvaa sikioni, kinasukuma sauti, hakifufui. Na akiendelea kusimama pale, hata kilichobaki kitakwenda.

Jioni hiyo wifi alikuwa anatwanga, sisi tumekaa barazani Unyambwa na chai. Nilisema jambo ni rahisi, tukirudi tunawaeleza, watu wataelewa, hata zile shikamoo wataelewa. Akaweka kikombe chini.

"Hutawaambia."

"Kwa nini?"

"Wataninyang'anya gitaa. Nani atamwacha kiziwi apige solo?"

"Sasa hivi wanakuita mwenye kiburi! Unapenda hilo?"

Alifikiri. Mume wangu ni mtu wa kanisa, anafikiri kikanisa. "Kiburi nitakitubu," akasema. "Mtu akitubu anasamehewa, anarudi mahali pake. Uziwi nitautubuje?"

Nilikasirika, jamani. Nilikasirika kwa sababu nilitafuta jibu nikalikosa. Mwenye dhambi kwetu ana njia ya kurudi, imeandikwa, kila mtu anaijua. Mgonjwa wa masikio anapewa pole na kiti cha nyuma. Nikamwahidi kunyamaza, na mimi nikiahidi nimeahidi.

Tukabuni alama zetu. Mimi nasimama mbele na wenzangu wa sauti ya kwanza, naye ananiona ubavuni. Nikigusa shingo yangu, abadili swichi aende pikapu ya shingoni. Nikishika kilemba, ashushe sauti. Kulikaza gitaa alikuwa anatumia simu, ile programu yenye mshale unaoonyesha kama uzi uko sawa. Kwa muda mambo yakaenda. Watu wakasema hata gitaa limepona. Mimi niliimba huku mkono unatembea shingoni, jirani yangu akaniuliza kama nina matezi.

Lakini kila nilipogusa shingo nilikuwa namnyima. Pikapu ya shingoni sisi tunaisikia tamu, yeye haisikii ila kama ngurumo ya mbali, inatembea bila sura. Alikuwa anapiga kwa kukumbuka, anatazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Nililiona hilo na liliniuma. Jumapili moja niligusa shingo mpaka ngozi ikawasha, akageuza uso upande wa pili.

Wiki ile aliazima patasi kwa seremala. Niliporudi kutoka mashineni nilikuta uani kuna vumbi la mbao jeusi na jekundu. Alikuwa ameing'oa pikapu ya shingoni, amechimba shimo jipya karibu na daraja, ameipachika pale, sambamba na mwenzake. Pale shingoni pamebaki shimo tupu. Sasa gitaa zima lilikuwa ukali mtupu, na swichi hata ukiigeuza inatoka ukali inaingia ukali. Na zote mbili alikuwa amezipandisha mpaka zinakaribia kugusa nyuzi.

"Umefanya nini?" Nilimgeuza uso kwanza ndipo nikauliza.

"Nimezisikia," akasema. Macho yalikuwa yanang'aa. "Zile nyuzi mbili za chini, nyembamba. Nimezisikia leo, mama watoto. Zilikuwa zimeniaga siku nyingi."

"Wenzako watazisikiaje?"

"Mimi sina ubishi na wenzangu. Nina njaa." Akainama akaendelea kufuta vumbi la mbao.  Mtu akikuambia ana njaa, unamwambia asile?

Kuna jambo sumaku inafanya ikikaribia uzi kupita kiasi. Inauvuta. Uzi unakosa uhuru wa kutikisika, na vidole vikipanda kuubonyeza karibu na mwili wa gitaa sauti inayumba, inakuwa kama watu wawili wanaoimba kitu kimoja kwa ugomvi. Yeye anayajua hayo, ndiye aliyenifundisha. Ila kuyumba huko kunasikika kule kule kwenye ukali ambako masikio yake hayaendi tena. Mshale wa simu ulimwambia nyuzi ziko sawa, akaamini mshale.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Watu walijaza kanisa na magunia ya uwele na alizeti, maboga, kuku wamefungwa miguu, mbuzi wanalia nje wakisubiri mnada. Tukasimama kuimba. Alipoingiza solo ya kwanza mama mmoja aliziba masikio kwa kanga. Watoto wachanga wakaanza kulia, mmoja, kisha wote. Solo ikapanda juu, ikaanza kuyumba, sauti ya pili wakaifuata wakapotea, wanaume wakaacha kuimba, na katikati ya ubeti kwaya nzima ikafa. Alibaki yeye peke yake, amefumba macho, anapiga, anatabasamu.

Aibu ile sitaki kuirudia.

Kesho yake alasiri kikaitwa kikao cha kwaya, mle mle kanisani. Mwenyekiti wa kwaya ana tabia ya kuongea ameinamisha kichwa, mkono kwenye masharubu, huoni mdomo. Akasoma mashitaka. Haambiliki kuhusu sauti ya gitaa. Amelichimba gitaa la kanisa bila ruhusa. Haitikii salamu za wanawake na watoto. Mume wangu alikuwa anaangalia ule mkono na masharubu, na nikajua hapati kitu. Akanitazama mimi. Nikamwambia kwa midomo bila sauti: wanauliza kama una kiburi.

Nilitamani akatae. Mungu wangu anajua nilivyotamani. Nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya benchi, neno liko kwenye meno.

Akasimama. "Ni kweli," akasema. "Nina kiburi. Nimetubu, naomba mnisamehe."

Wakapiga makofi. Wakaimba. Mwalimu wa kwaya alimkumbatia, wengine walilia kwa furaha, maana hakuna kitu kwetu kinachopendeza kama mtu mkubwa akijishusha. Wakamwombea. Masharti yakawa mawili tu, nayo mepesi: gitaa alirudishe lilivyokuwa, na salamu aitikie. Njiani alinibonyeza mkono. "Umeona?" akaniambia. Nilimwona anafurahi kama bwana harusi, na mimi nikajaribu kufurahi.

Jumapili iliyofuata aliingia uwanjani pa kanisa ameazimia. Kila mdomo uliofunguka mbele yake aliuitikia. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba. Watoto walipata habari kwamba yule anayeringa sasa anaitikia, wakaja makundi, wengine walirudia mara mbili kwa utamu. Alikuwa anainama, anawagusa vichwa, jasho linamtoka. Nilisimama kando nikaanza kuamini.

Ndipo akaja mama mzazi wa mwenyekiti. Bibi yule ndiye mkubwa kuliko wote pale kwetu, wachungaji wenyewe wanamwamkia. Alikuja na fimbo yake, watu wakampisha, akasimama mbele ya mume wangu akamwambia, "Mwanangu, nimefurahi umerudi."

Mume wangu aliona mdomo unafunguka. "Marahaba," akasema.

Watu wakageuka wote. Sijui nimweleze vipi asiye wa kwetu. Mtu mzima, anayepaswa kumwamkia bibi huyo kwa kuinama, amempokelea shikamoo ambayo bibi hakuitoa. Ni kama amemwambia, wewe ni mtoto kwangu.

Bibi akauliza, hana hata hasira, kashangaa tu: "Kumbe mimi ndiye niliyekuamkia?"

"Marahaba, marahaba," akasema mume wangu, na akatabasamu, na akamgusa kichwa.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa naenda kusema, ahadi na iende zake. Yeye aliona nyuso za watu, akajua ameharibu, ila hajui nini, na akaniona mimi nataka kusema. Alinishika kifundo cha mkono akanikaza mpaka nikaumia. Alitikisa kichwa. Nikaishia kumpigia bibi magoti, nikasema atusamehe, nikashindwa kutaja atusamehe kwa lipi. Mwenyekiti alimchukua mama yake akaondoka naye. Toba ile, walisema, ilikuwa dhihaka. Mtu anayemdhihaki Mungu na bibi mzee siku moja hana nafasi katika kwaya, na gitaa alirudishe.

Kabla ya kulirudisha alilitengeneza. Hakuna aliyemwagiza. Aliziba shimo jipya kwa kipande cha mninga na gundi, akakisugua mpaka ukipitisha kidole hukioni. Pikapu akairudisha shingoni. Akashusha skrubu. Kitufe alikitafutia kidude kingine kwenye redio mbovu, akakichomelea. Kisha akaliwasha, akapiga ule wimbo tuliokuwa tunaingilia nao kanisani, mimi nimesimama mlangoni. Ilikuwa ile sauti. Ile niliyoolewa nayo, nene, haina haraka. Hakuniuliza kitu, alinitazama tu usoni. Aliponiona nafuta macho akajua imekaa sawa, akazima, akaanza kukunja waya.

Solo sasa anapiga yule aliyekuwa besi. Anapiga vizuri, Mungu anisamehe, na watu wanasema kwaya imerudi kuwa yenyewe. Mimi bado naimba. Nilitaka kuacha, mume wangu akanikataza kwa ukali, akasema mmoja wetu abaki. Yeye anakaa upande wa wanaume, benchi la katikati, mbali na honi. Tukisimama kuimba ananikazia macho mwanzo mpaka mwisho.

Jumapili moja hivi karibuni tulikuwa tunarudi, mchana, njia ile ya katikati ya alizeti, upepo unavuma kama kawaida yake.

"Leo mmeimba vizuri," akasema.

Nikasimama, nikamgeukia ili anione mdomo. "Umetusikia?"

"Besi nimeisikia. Wanaume nimewasikia. Gitaa nalisikia kama liko kwa jirani."

Ningeishia hapo. Lakini nimeshasema, mimi nina mdomo. "Na mimi je?"

Alifikiri kidogo, alikuwa anatafuta namna ya kutoniumiza, nilimwona. "Wewe nimekuona," akasema.

Nililia pale pale njiani, mchana kweupe, kanga mdomoni, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Alisimama hajui aniguse au aniache. Wanakwaya wenzangu walikuwa wanakuja nyuma yetu, kundi zima, wakatupita wakigeuka geuka. Mmoja akasema, na hakupunguza sauti, "Tazama, amekwisha mtukana tena mwenzake. Mwanamume huyu hana utu kabisa!"

Mume wangu aliona wanamtazama, aliona midomo. Akawapungia mkono akitabasamu, akidhani wanatuaga.